Wimbo Umekatikia Wapi

Usiku ule nililala nikiwa nimeshaamua kuacha kukimbia. Raba zangu nilizifuta tope, nikazitia kwenye mfuko, nikauning'iniza mlangoni ili Happy akija alfajiri azichukue. Happy ndiye mwenzangu wa kukimbia. Tulikuwa tumejiandikisha wote mbio za kilomita ishirini na moja za hapa Tukuyu, zimebaki wiki tano. Nikampigia, nikamwambia najitoa.

"Kwa nini sasa?"

"Narudi nyuma, Happy. Kila siku natoka mbio kama nimeiba kuku, njia ileile, na kila siku simu inaniambia dakika zimeongezeka."

"Hizo raba zako zinanibana. Nakuja kukuchukua wewe." Akakata.

Nikabaki nazitazama zile namba kwenye simu mpaka macho yakafumba yenyewe.

Nikajikuta kwenye barabara ya shule yetu ya msingi, ile inayopanda kati ya migomba na chai, ndiyo njia yangu ya mbio ya kila siku. Nimepiga magoti, naipima kwa utepe wa kupimia nguo. Mimi ni fundi cherehani, na hata ndotoni utepe ulikuwa shingoni. Napima, nikifika mwisho wa utepe nasahau nilikoanzia, narudia upya.

Kisha nasikia miguu. Mchakamchaka unakuja kwenye ukungu, shule nzima, mistari miwili.

"Jua nani kaliamsha?"

"Jogoo!"

"Jogoo nani kamwamsha?"

"Sisi!"

Wakanipita. Na nyuma ya mtoto wa mwisho, kama siku zote, yuko Mwalimu Ambokile, filimbi kifuani, suruali ameikunja mpaka magotini. Alifariki mwaka juzi. Mazishini sikwenda, nilikuwa Mbeya najifunza ushonaji, nikakosa ruhusa. Nikataka kumwomba radhi palepale. Sauti haikutoka.

"Sekela," akasema, "unapima barabara au unakimbia?"

Akauvua ule utepe shingoni mwangu, akaukunja polepole namna tulivyokuwa tukikunja bendera jioni, akautia mfukoni.

"Imba."

Sijui niliinukaje. Nimo mstari wa nyuma na utu uzima wangu, sketi ya shule imeniishia juu ya magoti, pembeni yangu mtoto wa darasa la kwanza kamasi zinamtoka. Nakimbia kwa nguvu zote, kama ninavyokimbia na simu. "Jua nani ka..." Pumzi imekwisha.

Filimbi ikalia. Shule nzima ikapunguza mwendo, na mimi nikaona aibu, maana sheria ile niliijua. Mwalimu alikuwa hakai mbele. Alikaa nyuma, anasikiliza. Wimbo ukikatika kwa wadogo, anapuliza, na wale wakubwa wa darasa la saba waliokuwa wakijiona swala wanapunguza, watake wasitake. "Wimbo ukikatika nyuma, mbele wamekosea," ndivyo alivyosema. Tukifika darasani anaandika pembeni ya ubao mahali wimbo ulipokatikia: mashine ya kusaga. Baada ya majuma kadhaa anaandika: darajani. Na hakuna siku aliyotuambia tuongeze mbio. Jamani, nilisahauje jambo kama hili?

Barabara ikawa chumba changu cha kushonea, cherehani zinajiendesha zenyewe. Kisha ikawa barabara tena, na shule haipo. Tuko wawili darajani, maji yanapita bila kelele. Tunakwenda mwendo mdogo, mdogo mpaka natazama pembeni kama kuna mtu anatuona. Naimba, yeye anaitikia. Tunavuka daraja. Tunakipanda kile kilima ambacho hunishinda kila siku, na bado naimba.

Ndipo sauti ikapatikana. "Mwalimu, nisamehe. Sikuja kukuzika."

Hakusimama. "Mimi hukaa nyuma kabisa, Sekela. Hakuna anayenichelewea."

Tukaenda kidogo.

"Wimbo umekatikia wapi?"

Nikajisikiliza kifua. "Bado, mwalimu."

Akacheka kile kicheko chake cha puani, akaanza kubaki nyuma. Nageuka, naona ukungu tu. Lakini sauti yake inapanda kilima: "Jogoo nani kamwamsha?"

"Sisi!"

Nikazinduka kwa sauti yangu mwenyewe. Mama Tumaini wa chumba cha pili akagonga ukuta. "We Sekela! Sisi na nani? Wengine tumelala!"

Nikacheka, na nikicheka hivyo machozi yakawa yananitoka. Nje kulikuwa bado giza, jogoo mwenyewe hajawika. Happy alipobisha hodi alinikuta nimekaa kitandani, nafunga kamba za raba.

"Haya. Umebadili mawazo?"

"Leo simu inabaki hapa. Tunakwenda mwendo wa kuimba."

"Kuimba? Barabarani? Sekela, watu watasema tumelewa asubuhi."

"Wewe itikia tu. Na uniambie wimbo umekatikia wapi."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akatangulia nje.

Siku ile ulikatikia kwenye mashine ya kusaga. Niliporudi nilichukua chaki yangu ya kushonea, nikaandika hivyo nyuma ya mlango.