Kamba ya Gome Nyuma ya Ua

Picha yangu nzuri kuliko zote ni ya ua la zambarau lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Walioiona wameisifu, na kila wanapoisifu natafuta jambo jingine la kuzungumza.

Kupiga picha za vitu vidogo nimejifunza mwenyewe, hapa Mpanda, ninakotengeneza redio na simu. Lenzi niliitoa kwenye kamera mbovu, nikaigeuza na kuibana mbele ya simu yangu kwa raba. Nimepiga ukungu wa mkate, vijidudu vya maji ya bwawa, na zaidi maua ya porini. Utaratibu wangu ulikuwa haubadiliki. Nalala kifudifudi. Napiga picha ya kwanza kama mahali palivyo, kwa ajili ya kumbukumbu. Kisha nasafisha nyuma ya ua kwa mkasi mdogo: nyasi, vijiti, majani makavu, chochote kinachochafua picha. Halafu ndipo napiga picha yenyewe. Nilikuwa najivunia sana huo mkasi.

Mwezi wa nane tulikwenda Mwese, nyumbani kwa wazazi wa mke wangu. Kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya mama mkwe pori lilikuwa limekauka, lakini maua madogo yalikuwa yameanza kuchomoza kwenye udongo mtupu, kama yanavyofanya kabla ya mvua. Asubuhi ya kwanza nikalala chini na simu yangu mbele ya ua moja la zambarau. Mwanamke jirani alipita na ndoo kichwani, akapaza sauti kuelekea nyumbani.

"Mkwe wenu kadondosha nini huku? Pete?"

"Mwache," mama mkwe alimjibu kutoka jikoni. "Anayasalimia maua. Sisi ametusalimia jana."

Nyuma ya ua kulikuwa na shina kavu la mmea unaotambaa, jembamba kama waya, limefungwa kamba ya gome la mti. Kamba ilikuwa na fundo, na fundo halijifungi lenyewe. Nililiona. Kwenye kioo cha simu lilikuwa doa la kahawia linaloharibu rangi. Nikalikata shina usawa wa ardhi, nikalitupa pamoja na kamba yake, kisha nikakata mengine mawili kama hilo yaliyokuwa pembeni. Picha ikatoka safi.

Kesho yake mama mkwe alichukua jembe, akatuambia twende naye mteremkoni. Njiani mke wangu akanieleza. Ni viazi vya porini, ambavyo bibi yake aliwalishia watoto wakati wa njaa. Upande ule yalikuwa yamebaki mashina matatu tu. Shina likishakauka hakuna dalili nyingine ya kiazi kilipo, ndiyo maana mtu hulifunga gome, na likishafungwa hakuna anayeligusa. Mama alitaka kuvichimba akavipande karibu na nyumba, apate mbegu. Mteremko ulikuwa umepewa jirani alime mahindi, naye angeuchoma moto kesho yake.

Nilisikiliza yote hayo nikitembea nyuma yao.

Mama mkwe alizunguka ameinama. "Nilifunga mwenyewe," alisema. "Matatu."

"Labda mbuzi," mke wangu akasema.

"Mbuzi gani anakula na kamba?"

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale nilipokata. Niliona nyasi zilizokatwa na mkasi, zote kimo kimoja. Niliona majani yaliyolaliwa na mwili wangu. Ukweni kwetu mwanamume hasemi na mama mkwe uso kwa uso jambo zito. Hulipitisha kwa mke wake. Adabu hiyo niliifuata miaka yote bila kuifikiria. Siku ile niliishukuru.

"Mama, huyu ndiye mwenye macho ya vitu vidogo," mke wangu alisema.

"Basi aangalie."

Nikaangalia. Nilichukua kijiti, nikafunua majani upande ambao nilijua hakuna kitu, polepole, kama mtu makini.

Nilijiambia kwamba picha ya kwanza ninayo kwenye simu. Jioni ningemwambia mke wangu, tungerudi na picha, mahali pangejulikana. Jioni tulikula ugali na kisamvu, nikasema kisamvu ni kitamu. Asubuhi jirani akawasha moto. Nilimwambia mke wangu wakati moshi ulishafika juu ya paa.

Hakuinua sauti. "Jana ulikuwa unatafuta nini?" aliuliza.

Akaingia jikoni, nikasikia wanaongea Kibende, ambacho nakielewa kidogo tu. Mama mkwe akatoka, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. Nikampa simu ikiwa na picha ya kwanza. Ua lilionekana hadi vinyweleo vyake. Nyuma yake zilikuwa rangi tu, na doa la kahawia. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna mteremko.

"Hapa ni wapi?" alimuuliza binti yake.

Nikaeleza, nikimtazama mke wangu, kwamba lenzi ile inaona umbali wa vidole viwili basi. Mama mkwe akaendelea kulitazama ua.

"Na hili linaliwa?"

Safari hii alinitazama mimi.

"Hapana, mama."

Akanirudishia simu.

Kesho yake asubuhi, majivu yalipopoa, nilikwenda na jembe, wao wakanifuata. Nyasi zenye alama ya mkasi hazikuwapo, wala majani niliyoyalalia. Nikachimba nilipodhani ndipo. Nikasogea hatua moja kushoto, nikachimba tena. Kufika saa sita nilikuwa mweusi hadi magotini, na mashimo yalikuwa kumi na manne.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye jiwe, kanga kichwani. "Mwambie mkwe aache," alimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia. "Jirani atafikiri tunamlimia."

Mke wangu alianza kucheka, akaacha. Nilichimba shimo moja zaidi, nikakuta mizizi ya miti. Kisha nikaanza kuyafukia yote, moja baada ya jingine, kwa sababu shamba lilikuwa la mtu.