Samaki wa Mama Halima na maji yangu ya kunywa

Leo nimeua samaki saba kwa huruma.

Mnajua ninajenga ukuta kwa Mama Halima, hapa Bulla Pesa. Jana alienda Merti kumwona mamake, akaniachia samaki wadogo wa rangi walio kwenye tangi la kioo. Ni wa bintiye aliye chuoni.

"Fundi, uwape chakula kidogo tu."

Nikawapa kingi. Walikuwa wananiangalia kama wana njaa.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama uji. Nikaogopa. Nikamwaga yote, nikajaza maji ya mtungi wangu, yale ninayotia dawa ili tumbo lisinisumbue. Nikajiambia, kama mimi nakunywa haya, na wao wanywe.

Saa sita wote walikuwa wanaelea.

Mama Halima aliporudi nikamweleza yote, hata dawa. Akainama, akaangalia tangi.

"Hiyo dawa inaua vidudu, fundi. Na samaki anapumua hayo hayo maji."

Jirani akachungulia mlangoni: "Mtu wa Homa Bay, wa ziwani kabisa, anashindwa na samaki!"

Jamani, kwetu samaki namjua akiwa kwenye sufuria.

Binti anarudi Jumamosi. Nyinyi mngemwambia nini?

Afadhali mama angenipigia kelele. Badala yake aliniuliza, "Na wewe, na hili jua, leo umekunywa nini?"

Sikuwa nimejibakishia hata kikombe.

Akaniletea chai. Mpaka sasa iko hapa mbele yangu, inapoa.