Feni Nne za Baba Gwansu

Nyumbani kwa Baba Gwansu kuna feni nne, na zote nilizibeba mimi kwa kirikuu changu, kigari cha mizigo. Ni jirani yangu, mkulima wa vitunguu saumu hapa Uiseong, Korea, mtu wa kazi na mkaidi kidogo. Mwanawe Gwansu alikuwa akicheza mieleka ya kwenye mchanga, na kwa miaka kumi na minne baba yake hakumtazama hata mara moja.

Sababu alinieleza mwenyewe. Siku ya kwanza alipokwenda kumtazama, Gwansu alianguka. Siku ya pili akaanguka kabla filimbi haijamaliza kulia. Siku ya tatu Baba Gwansu alikwenda kukojoa, na aliporudi akakuta mtoto ameshinda.

"Ni macho yangu," aliniambia. "Nikimtazama anaanguka, nisipomtazama anashinda. Kuna cha kubishana hapo?"

Mimi si mtu wa kubishana.

Tangu hapo, Gwansu akicheza, baba yake alikaa nyuma ya banda la supu, amewapa watu mgongo, akiyatazama masufuria. Shangwe zikilipuka alifumba macho, ingawa hapakuwa na cha kuona. Mwishoni Mama Gwansu alikuja na kumwambia, "Kashinda." Alikuja na zawadi ya ushindi pia, feni au mfuko wa mchele. Mumewe aliinuka akijipangusa magoti kama ametoka kupigana yeye.

"Mgongo unaniuma," alisema, "lakini kazi imefanyika."

Mwaka huu goti la Gwansu lilikataa. Akatangaza kwamba akishacheza sikukuu ya mavuno, basi.

Siku hiyo Baba Gwansu alikaa nyuma ya banda, akainuka, akakaa tena. Supu ikapoa mbele yake.

"Sangdo," akaniita, "we umeshamwona akicheza?"

"Nimemwona, kaka."

"Anakuwaje?"

"Masikio yanakuwa mekundu."

"Kama ya mama yake akikasirika?"

"Zaidi."

Akasimama. Akajipenyeza kati ya watu hadi mbele, mkono mmoja umefunika jicho la kushoto.

"Baba Gwansu!" mkewe akapiga kelele. "Rudi kwenye supu!"

"Natazama kwa jicho moja tu!"

Gwansu, masikio mekundu kweli, alikuwa amemkamata mpinzani wake kiunoni. Akainuliwa juu, akatua chali. Nusu fainali ikaishia hapo.

"Ni mimi," Baba Gwansu akasema. "Jicho moja tu, na nimemmaliza mwanangu."

Gwansu alikuja akipukuta mchanga kichwani. "Baba! Umekuja?"

"Nisamehe, mwanangu. Ungeshinda."

"Ningemshinda nani? Jamaa huyo alinibwaga hata mwaka jana."

"Mwaka jana ulileta feni."

Gwansu akamtazama mama yake. Mama yake akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nilinunua," akasema Mama Gwansu. "Ulikuwa umejikunyata kule nyuma kama mtoto anayengoja sindano. Ningekwambiaje kaanguka?"

"Zote nne?"

"Ile ya bluu alishinda kweli."

"Na mchele?"

"Dukani."

"Mwanamke! Nilimtambia mwenyekiti wa kijiji kwa mchele ule! Nikampa na wa kuonja!"

"Alisema mtamu."

Baba Gwansu akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo ulianguka hata nisipokutazama?"

"Mara nyingi, baba."

"Sasa miaka yote hiyo nilikuwa natazama masufuria ya nini?"

"Lo!" muuza supu akadakia, mwiko mkononi. "Na mimi nilidhani unanipenda!"

Watu walicheka mpaka mwamuzi akaomba utulivu. Ilibaki mechi ya kutafuta wa tatu. Baba Gwansu akakaa mstari wa mbele kabisa, macho yote mawili wazi. Gwansu akaanguka. Akainuka, wakashikana tena, akaanguka tena. Kila mara baba yake aliruka kwa furaha, akiwashika mabega watu asiowajua: "Huyo wa chini, mmemwona? Ni wangu huyo!"

Ilipokwisha, sauti ilikuwa imemkauka. Mama Gwansu alikuwa ameshachukua pochi yake na kuanza kuondoka, kwa mazoea tu.

"Unakwenda wapi?" mumewe akamuuliza.

Akasimama, akaona aibu, akacheka.

"Nenda, nenda," akasema Baba Gwansu. "Ila feni tunazo. Leta mchele."