Mwanaisha Mwenye Ndevu

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mpira ukigonga gongo la kriketi, nayo ilikuwa imepunguzwa hata ikabidi usogeze sikio kwenye televisheni ndipo uisikie. Nje, mtaani kwetu Msambweni, wenzangu walikuwa wakipiga kelele za likizo. Ndani, mapazia yalikuwa yameshushwa na nyumba haikunukia udi wala asumini. Mama alikuwa amekaa eda. Baba yangu, Hamisi, alikuwa amefariki baada ya kuugua wiki mbili tu, na mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi: hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa haja isiyoepukika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nami nilikaa naye.

Gemu ile ya kriketi ilikuwa ya Baba. Alikuwa mtunza bustani katika jumba moja la wageni huko Diani, lakini ujanani alikuwa amefanya kazi ya kukata majani kwenye uwanja wa kriketi Mombasa, na huko akaupenda mchezo ambao mtaani kwetu hakuna aliyeujua. Mgeni mmoja alipokuwa akiondoka alimwachia mashine ya michezo ya mwanawe, pamoja na gemu hiyo moja. Baba aliipakata kwenye tuktuk mpaka kituo cha Kona ya Musa, kisha kwenye matatu hadi nyumbani, kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na sehemu ya kulea maisha ya mchezaji mmoja. Unamuumba, unampa jina, anaanza katika timu ndogo, na ukimchezea vizuri hupanda hadi akaitwa timu ya taifa. Wachezaji wote walikuwa wanaume. Baba hakujali hata kidogo. Alichagua jitu lenye ndevu za kufika kifuani, akaliandika Mwanaisha Hamisi, jina langu mimi, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alinifundisha kungoja. Si kila mpira wa kupigwa, alisema, mwingine uache upite zake. Na aliniachia agizo moja: "Siku utakayoitwa timu ya taifa uniamshe, hata kama nimelala usingizi wa pono."

Baada ya mazishi, shangazi yangu, dada yake Baba, alimkalisha Mama kwenye mkeka akamweleza masharti ya eda, moja baada ya jingine. Nami nilikuwa nimekaa mkeka uleule, nimemwegemea Mama, nikayachukua yote kuwa yangu pia. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona tu kwamba aliyekufa alikuwa wangu kama alivyokuwa wake, sasa iweje akae yeye peke yake? Tangu siku hiyo sikutoka. Shule zilipofunguliwa nilikwenda, kwa sababu niliihesabu kuwa haja, kama hospitali, na nikawa narudi moja kwa moja macho chini. Nilikataa sabuni ya kunukia. Binamu yangu alipoolewa nilikataa hina, wanawake wakanong'onezana kwamba mtoto ana majonzi. Majonzi nilikuwa nayo, lakini zaidi ya majonzi nilikuwa nimefungwa, na nilichoka kufungwa. Nilipiga mistari ya chaki nyuma ya mlango wa kabati, mstari kwa kila siku, na siku zenyewe zilikuwa haziendi.

Kwa hiyo nilicheza. Shangazi alipokuja alinikuta nimekodoa macho, akasema nyumba ya msiba haina michezo. "Muache, wifi," Mama alimjibu. "Sauti ameshaipunguza." Kazi ya mpigaji katika kriketi ni kulinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake huku akijikusanyia mbio, ndizo alama za mchezo huo; mpira ukivigusa, ametolewa. Yule mwenye ndevu alikaa uwanjani mchana kutwa, chini ya mbingu pana, akasafiri miji nisiyoijua, nami sikuwa nimefika hata dukani. Kuna siku nilimwonea wivu, nikamwacha atolewe makusudi.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni, nikawasha mashine, na maandishi yakatokea: Mwanaisha Hamisi amechaguliwa timu ya taifa. Niliinuka mbio kwenda kumwamsha Baba. Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa chumba chao ndipo nilipokumbuka. Mama alikuwa kitandani akikunja kanga, akaniona nimesimama pale nalia, akaniuliza kulikoni. Nilimwambia nimeitwa. Alikuja akakaa mbele ya televisheni, akamtazama yule mtu, akauliza, "Huyu ndiye wewe?" Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Nikamwambia nitacheza mechi hiyo tukimaliza eda yetu.

Kicheko kilikatika. "Eda si yako, mwanangu," alisema polepole. "Mtoto huomboleza siku tatu. Zako ziliisha zamani."

"Ulijua kama mimi sijui?"

"Tangu siku ya hina."

"Mbona hukuniambia?"

Alikuwa akiinyoosha kanga mapajani. "Ungetoka," alisema.

Nilimkasirikia kama ambavyo sijawahi kumkasirikia mtu. Nilitoka vilevile na sare za shule, na jua likanichoma macho. Wenzangu walikuwa wakicheza rede nyuma ya msikiti. Hawakuuliza kitu, walinipa zamu. Nilicheza mpaka ilipoadhiniwa magharibi, nikarudi nimejaa vumbi, hasira zimeisha. Mama alikuwa bado kwenye televisheni, rimoti ya mashine mikononi, hana raha. Alikuwa amebonyeza kitufe ili aone kuna nini, na mechi ya taifa ikaanza. Hakujua kuizima. Mpira wa kwanza tu ukaangusha vijiti. "Nilitaka nikushikie nafasi mpaka urudi," alisema. "Nimekuharibia." Gemu ile hujihifadhi yenyewe, na yule mwenye ndevu hakuitwa tena.

Sasa nafanya kazi katika ofisi moja mjini Kwale, juu kilimani, mezani penye dirisha linalofunguka. Jioni nikitaka huteremka Diani nikakae na marafiki, na hakuna anayenihesabia siku. Kila Ijumaa Mama hunipigia simu kuniambia nisijihangaishe kwenda Msambweni, nitembee na wenzangu, na najua ni deni gani analolilipa, ingawa sijamdai. Idi iliyopita nilikwenda, nikaiwasha ile mashine. Ikakubali. Mwanaisha Hamisi, mechi za taifa: moja, mbio: sifuri. Mama akauliza kutoka jikoni kama siku hizi jambo lile haliwezi kurekebishwa. Nilimwambia haliwezekani. Linawezekana, unafuta yote na kuanza upya, ni vitufe viwili tu. Lakini ile sifuri ndiyo mahali pekee palipoandikwa kwamba siku niliyotoka, Mama alibaki ndani akijaribu kunishikia nafasi.