Honorine Alivyomfua Mama Yake

Honorine Lecoutre alizaliwa kwenye udobi. Mama yake, Zélie, alipiga magoti miaka arobaini kwenye mawe ya mto Seine, pale kijijini Hautrive, akifua shuka za watu, na Honorine akapiga magoti pembeni yake tangu ana miaka tisa. Zélie akafa mwezi wa pili, kifua kilimbana. Hakuacha picha hata moja. Kufika Pasaka Honorine alikuwa ameanza kuusahau ule uso, na hilo lilimtisha kuliko kifo chenyewe.

Tumaini lake lilikuwa Bwana Vasseur, mchoraji ambaye magazeti ya Paris yalimcheka kwamba anapaka rangi kama fundi anayepiga lipu. Kiangazi kizima kabla ya kifo hicho alikaa ng'ambo ya mto akimchora Zélie kazini. Alimwahidi Honorine kwamba picha ikikauka ni yake.

Basi wiki ya fua kubwa, shuka za msimu mzima zinapofuliwa kwa pamoja, mpishi wa Vasseur akaleta furushi la shuka. Katikati mlikuwa na kitambaa kigumu cha kitani, kimejaa madoa ya buluu, zambarau na kijani. Philomène, dobi mwenzake, akakishika kwa vidole viwili, akamtania.

"Mchumba wako siku hizi anafutia brashi vitambaa vya maana. Au ndiyo leso yake ya mafua?"

Wanawake wakacheka, Honorine naye akacheka. Akasema kitani kama kile kikitakata kinatoa aproni mbili. Akakitumbukiza kwenye pipa la maji ya majivu yanayotokota, kikashinda humo kutwa. Kesho yake akakitandaza jiweni, akakipiga kwa kibao cha kufulia mpaka bega likauma, akakianika nyasini, akaendelea na shuka.

Mchana Vasseur akaja mwenyewe, kofia mkononi, anatabasamu. Akauliza kama zawadi imempendeza.

"Zawadi gani, bwana?"

"Ya kwenye furushi. Niliona aibu kukupa mkononi. Umeitazama kwa mbali? Ukiisogelea huoni kitu. Rudi hatua kumi, ndiyo utamwona mama yako."

Kibao kikamtoka mkononi, kikaenda na maji. Honorine akageukia nyasini, kitambaa kilipoanikwa. Akarudi nyuma hatua kumi. Akarudi kumi na tano. Kitambaa cheupe pee.

"Nimemchemsha," akasema. "Nimempiga kibao."

Vasseur rangi ilimtoka usoni, lakini hakugomba. Akasema atachora nyingine. Honorine akamkamata koti kwa mikono iliyolowa.

"Uso wake unaukumbuka? Mimi unanitoka, bwana. Niambie hata pua tu ilikuwaje."

Vasseur akaitazama kofia yake.

"Uso sikuuchora, Honorine. Kiangazi chote alikuwa ameinama. Nilichora mgongo."

Honorine akaliachia koti. Akasimama, maji yanamdondoka viwikoni. Halafu akarudi jiweni, akapiga magoti, akainama, maana shuka za watu zilikuwa bado. Vasseur, nyuma yake, akajishika mdomo. Mgongo ulikuwa ule ule.