Mume Aliyeachwa Bandarini

Boti la Rumonge kwenda Kigoma hulala ziwani, na sisi wa tiketi rahisi hulala juu, kati ya bidoni, yale madumu ya mawese. Jumamosi alipanda dada mmoja mwenye sanduku la magurudumu, akatandika kanga yake pembeni kabisa. Akina mama wachuuzi, waliokwisha kuunganisha mikeka yao, wakamwuliza kama kawaida:

“Uko na nani, dada?”

“Bwana yangu iko anakuja. Amekwenda kununua mukate.”

Nilimwelewa. Safarini, mume wa kutajwa tu hulinda kuliko kufuli.

Boti likaondoka. Mama mmoja mnene akaruka: “Kapiteni, rudi! Bwana ya huyu mutoto amebaki!” Wenzake wakagonga bidoni kwa viganja mpaka boti likageuka kweli. Wote tukakodolea macho bandari, tukimtafuta mwanamume mwenye mkate.

Dada akajifunika uso. “Mama, pardoni. Sina bwana. Niliogopa kulala peke yangu kati ya watu nisiowajua.”

Kapiteni akafoka, akageuza tena. Nilidhani sasa atazomewa mpaka Kigoma. Lakini yule mama alisogea, akapigapiga mkeka palipobaki wazi.

“Ungesema mapema. Mwenye iko peke yake analala hapa katikati. Kwani sisi, unaona bwana zetu wako wapi?”

Mikeka yote ikacheka. Najiuliza tuko wangapi tunaolala pembeni, tukilindwa na mtu tuliyemtunga wenyewe.