Mipira Miwili ya Trekta ya Baba

Harufu ya oili ya trekta ikinipata popote, hata hapa Nakuru mjini, hunirudisha shambani kwetu. Nilikuwa darasa la nane, huko Molo, msimu wa kulima mashamba ya viazi, na trekta yetu ilikuwa kuukuu kuliko baba mwenyewe. Plau, yaani jembe la trekta, ilivutwa nyuma na kuinuliwa kwa kamba, na mvuta kamba nilikuwa mimi. Kila mwisho wa shamba nilivuta, baba akageuza, nikaachilia, baridi ikinitafuna vidole huku wenzangu wakijiandaa kwa mtihani. Nikilalamika, baba alisema samaki mkunje angali mbichi. Mbichi gani, nami nilikuwa nimeshakauka!

Kwa hivyo fundi alipokuja kuweka liva ya haidroliki karibu na kiti, ili baba ainue plau mwenyewe kwa nguvu ya oili, nilipiga vigelegele. Alichomeka nyuma ya trekta mipira miwili ya kupitisha oili, akaonya, "Mzee, hii mtu asiguse kabisa," akaenda zake. Kumbe aliichomeka kinyume: liva ikivutwa juu, plau ilizama chini. Mkono wa baba ulikataa kuzoea; akalima njia ya jirani na kung'oa seng'enge. Kumrudisha fundi hakutaka, maana alikuwa amemsifu mbele ya kanisa zima. Nami nilipoijaribu ikanitii, akaniambia, "Wanjiru, wewe umeishika haraka. Panda madigadi, liva ni yako." Ole wangu! Kilicholetwa kunifungua ndicho kilichonifunga. Wiki tatu nilikaa juu ya madigadi hayo, kifuniko cha gurudumu la nyuma, paa la shule nikiliona toka pale, nikimchukia baba waziwazi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumapili nilisingizia kuumwa. Watu wa nyumbani walipokwenda kanisani nikaingia nyuma ya trekta. Injini ikiwa imezimwa, nilichezesha liva ili oili ipungue nguvu, nikachomoa mipira, nikaibadilisha matundu. Oili ilinirukia sweta, na sweta nilikuwa nayo moja tu, ya shule. Jumatatu baba alivuta liva, plau ikapanda. "Imejirekebisha," akasema. "Nenda shule."

Siku hizi trekta za Molo huinua plau kwa kubonyeza kidude, na wanangu wanadhani hadithi hii naitunga. Mwezi uliopita niliungama kwa baba. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nilijua. Sweta yako ilinuka oili kutoka mlangoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeuliza, ungekiri, nami ningekuwa na fundi nyumbani. Na fundi, mama, nisingemwachilia aende shule."